"Toa risiti ya pili": nilivyonyoosha maelezo ya komiti zetu

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kwamba maelezo ya komiti (yale maneno unayoandika kila unapohifadhi badiliko la programu kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya kazi) yaandikwe kwa Kiingereza, eti Kiswahili hakifai. Wa pili: usijisumbue, piga `git commit -m "marekebisho"` uendelee na kazi. Yote mawili nimeyatupa majini. Tulio kwenye programu hii ni watatu, wote wa Lamu, na inakata tikiti za boti kati ya Mokowe, Amu mjini na Shela. Anayesoma historia ya kazi anafikiri kwa Kiswahili. Ila Kiswahili chenyewe kina mitego yake, na mmoja ulitunasa vizuri sana.

Karani wa gatini alikuwa akibofya "Lipa" mara mbili kila mtandao ukiwa mzito, na seva inaandika safari mbili, risiti mbili. Nikaongeza mistari mitatu ya kuzuia, nikaandika: "Toa risiti ya pili". Nilimaanisha ondoa. Miezi ikapita. Kijana wetu mmoja akafika kwenye mistari ile, akapiga `git blame` kujua imetoka wapi, akakuta maneno yangu. Yeye "toa" aliisoma kama mtu yeyote asomavyo "toa tikiti", yaani mpe mtu. Mistari inazuia risiti ya pili, maelezo yanasema itolewe: basi akaamua kuna kosa, akageuza sharti. Akanipigia kwa furaha, "Ami, ile laini yako ilikuwa inafanya kinyume na ulivyoandika, nishakunyooshea." Ijumaa ile hesabu ya abiria kwenye karatasi ya nahodha ikawa kubwa kuliko viti vya boti.

Hakukosea hata kidogo. Aliamini maandishi.

Tangu siku hiyo "toa" imepigwa marufuku kwetu, pamoja na "weka sawa", ambayo haisemi lolote. Kichwa cha komiti huanza na kitenzi kimoja kati ya saba: Ongeza, Rekebisha, Ondoa, Zuia, Badili, Panga, Andika. Si "Nimeongeza", si "Imeongezwa", si "Kuongeza". Zamani tulikuwa na zote nne kwenye ukurasa mmoja, na jicho halikujua lishike wapi. Kupima ni rahisi: tanguliza "badiliko hili lita-" halafu soma. Badiliko hili litazuia, badiliko hili litaongeza. Kisichoingia hapo si kichwa. Ile komiti ya risiti leo ingeandikwa "Zuia risiti ya pili mtu akibofya mara mbili". Herufi 43 pamoja na nafasi, na hakuna wa kuisoma kinyume.

Lengo la kichwa ni herufi 50. Si sheria ya Git, ni mazoea tu, lakini kikizidi 72 tovuti nyingi hukikata katikati. Chini yake acha mstari mtupu. Mstari huo si pambo. Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa kazi ya Linux, ambako mabadiliko yalikuwa yakitumwa kwa barua pepe, na hadi leo `git format-patch` huchukua aya ya kwanza kuifanya kichwa cha barua. Ukisahau mstari mtupu, maelezo yote ni aya moja, na `git log --oneline` itayaunganisha kuwa utepe mrefu kuliko kamba ya nanga. Mwili wenyewe ukunje kwenye herufi 72, kwa sababu `git log` husogeza maandishi nafasi nne kulia, na skrini ya zamani ya terminali (dirisha la kuandikia amri) ina herufi 80: nne kushoto, nne kulia, 72 katikati.

Mwilini usirudie kilichofanyika, maana mistari iliyobadilika inajionyesha. Andika sababu, na andika kile ambacho badiliko HALIFANYI. Wengi huruka hapo, na hapo ndipo penye faida. Mfano wa risiti:

    Mtandao ukiwa mzito gatini karani hubofya tena kabla jibu
    halijarudi. Sasa namba ya ombi hukaguliwa kwanza.

    Haizuii abiria mmoja kukata tikiti mbili kwa makusudi.

Mtego mwingine ulikuwa "Rekebisha saa". Tulikuwa nazo tatu zenye kichwa hicho hicho, na kila moja ilikuwa ikitibu ugonjwa wake. Boti ya saa moja asubuhi seva huiweka saa 04:00 kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), simu huionyesha 07:00, na abiria anataka kuona 1:00. Tofauti ya saa tatu ni ya majira ya Afrika Mashariki. Tofauti ya saa sita ni ya namna sisi tunavyohesabu kutoka mapambazuko. Anayechanganya hizo mbili anamkosesha mtu chombo. Siku hizi tunaandika "Rekebisha majira ya seva" au "Badili saa za tikiti ziwe za Kiswahili", na tatizo likirudi unajua ufungue ipi.

Neno "na" kwenye kichwa ni dalili. "Rekebisha nauli na ongeza kituo cha Shela" ni komiti mbili zilizovalishwa kanzu moja. Zitenganishe kwa `git add -p`, ambayo hukuuliza kipande kwa kipande, y au n. Faida yake utaiona siku ya `git bisect`: ikikutajia komiti yenye kosa, utaangalia mistari kumi badala ya mia nne.

Kuhusu `-m`, nina kinyongo nayo. Kwanza inakuzoesha kuandika mstari mmoja. Pili, jaribu `git commit -m 'Ongeza kituo cha ng'ambo'` uone. Ile alama ya ng' hufunga nukuu, inayofuata hufungua nyingine, na terminali inabaki na `>` ikikusubiri kama nahodha anayesubiri maji yajae. Andika `git commit -v` badala yake, kihariri kifunguke na mabadiliko yako yaonekane chini ukiwa unaandika.

Kihariri nacho kina kisirani chake: mstari unaoanza na # huhesabiwa maoni na kufutwa. Ukianza kichwa na "#14 Rekebisha nauli" (14 ni namba ya hoja) na hukuandika kingine, Git itakataa kwamba maelezo ni matupu. Ikiwa mstari huo uko mwilini ni vibaya zaidi, unapotea kimya kimya. Sisi tunaandika "Hoja #14". Wasioweza kuacha mazoea waweke `git config core.commentChar ";"`.

Kukumbushana kwa mdomo hakukudumu wiki mbili, kwa hiyo nikaweka mlinzi. Faili `commit-msg` ndani ya folda `hooks` ya mradi:

    #!/bin/sh
    head -1 "$1" | grep -Eq '^(Ongeza|Rekebisha|Ondoa|Zuia|Badili|Panga|Andika|Merge|Revert) ' || {
      echo "Anza na kitenzi cha orodha"; exit 1; }

Kisha `chmod +x`, na kila mmoja apige `git config core.hooksPath hooks` kwenye mashine yake, kwa sababu kilichomo ndani ya `.git/hooks` hakisafiri na nakala. Toleo langu la kwanza halikuwa na Merge wala Revert, maneno ambayo Git huanzia vichwa inavyoviandika yenyewe, likazuia muunganisho wa kawaida kabisa, nami nikalaumu mtandao. Gharama ya yote haya ni alasiri mbili na bando la siku. Kuna waliotushauri tuanze kila kichwa na "feat:" (kitu kipya) au "fix:" (rekebisho). Kama una chombo kinachosoma hayo na kupanga namba za matoleo, sawa. Sisi hatuna, na herufi 50 ni chache tayari.

Komiti ya mwisho yenye kichwa kibaya irekebishe kwa `git commit --amend`, maadamu hujaisukuma, yaani hujaipeleka kwenye hifadhi ya pamoja. Ukishaisukuma iache, maana namba yake itabadilika na wenzako watakwama. Ndiyo maana "Toa risiti ya pili" bado imo kwenye historia yetu. Nimeibandikia neno kwa `git notes add`, ambayo haigusi namba ya komiti: "Toa hapa ni ondoa." Maneno hayo hayasukumwi yenyewe, hadi upige `git push origin refs/notes/commits`, na mwenzako naye ayavute kwa makusudi. Yule kijana ameshayavuta. Chini yake ameongeza mstari wake: "Ami, sasa nimeelewa."