Nilivyopasuliwa bawasiri nikarudi kwenye usukani

Niliposema pale steji kwamba daktari ameniandikia upasuaji wa bawasiri, kila mtu alikuwa na binamu yake aliyeharibiwa. Binamu wa mmoja hawezi tena kuzuia choo. Wa mwingine ugonjwa ulimrudia kabla kidonda hakijakauka. Wa tatu, eti, alikatwa mshipa wa nguvu za kiume. Niliomba niletewe hata binamu mmoja nimsikie kwa masikio yangu, sikuletewa. Mimi nimepasuliwa, nimepona, naendesha matatu kama zamani, na maneno yale bado yananichoma, kwa sababu wako watu wanaovuja damu kila asubuhi wakayasikia na kurudi nyumbani kunyamaza.

Dereva wa Nairobi hanywi maji mchana, na anayemlaumu hajawahi kukwama Jogoo Road saa moja jioni kibofu kimejaa na abiria 14 wako nyuma yake. Unakunywa chai alfajiri, unakula smoki na yai dirishani, basi. Choo kinakaa tumboni kinakauka, na ukipata nafasi ya kwenda unasukuma haraka haraka ili uwahi tripu. Daktari alinieleza kwamba ndani ya njia ya haja kubwa kila binadamu ana vifuko vya mishipa ya damu, vipo ili kusaidia kuziba. Ukisukuma miaka na miaka vinavimba, vinateremka, vinaanza kutoa damu. Hiyo ndiyo bawasiri. Hujarogwa, na hukuipata kwa kukalia jiwe la moto kama nilivyoambiwa na mama mmoja ninayemheshimu sana.

Swali la kwanza la daktari lilikuwa hili: "Mzee, hivyo vinyama vikitoka vinarudi vyenyewe, au unavirudisha kwa kidole?"

Nikamwambia navirudisha kwa kidole, na siku nyingine havitaki kurudi.

Hapo ndipo nilipojua kuna madaraja. La 1 linatoa damu tu, hakuna kinachotoka. La 2 kinyama hutoka na kurudi chenyewe. La 3 unakirudisha kwa mkono. La 4 hakirudi kabisa. Mimi nilikuwa kati ya la 3 na la 4. Kabla ya hapo kliniki nyingine ilikuwa imenifunga mipira, yaani wanaingiza chombo, wanavuta kinyama na kukivisha kijimpira kidogo shingoni, kinakosa damu, kinanyauka na kudondoka chenyewe. Haikuniuma sana kwa kuwa mipira hufungwa juu, sehemu isiyo na neva za maumivu. Kwa mtu wa daraja la 1 au la 2 ni tiba nzuri na ningemwambia aanzie hapo. Kwangu ilituliza mambo kwa muda, kisha damu ikarudi, maana uvimbe wangu ulikuwa umeungana na wa nje, na wa nje haufungwi mpira.

Kuna mganga pia, na habari yake nataka kuieleza yote. Matangazo yake yamebandikwa kwenye milingoti kuanzia Muthurwa: bawasiri, mapenzi, kesi za mashamba. Shemeji yangu alinishika mkono tukaenda. Chumba kidogo, pazia jekundu, chupa ya soda yenye maji ya kahawia. Akasema anatia tone moja moja kwa kijiti cha pamba, kinyama kinakauka kama jani na kuanguka, hakuna kisu, hakuna kulazwa. Bei ilikuwa elfu kadhaa, nusu unalipa papo hapo. Nikamuuliza ndani kuna nini. Mizizi. Mizizi gani? Ya kwao. Basi nikamwambia, "Mzee wangu, kwa heshima zote, tia tone moja hapa nyuma ya mkono wako niione inavyofanya, ndipo nivue." Alinitazama, akafunga chupa, akaanza kumkaripia shemeji kwa kumletea mtu asiye na imani. Tukatoka. Dawa ambayo mwenyewe hathubutu kuitia kwenye ngozi ya mkono wake, alitaka kuitia mahali palipo laini kuliko pote mwilini! Daktari aliniambia baadaye kwamba amepokea watu waliochomwa na vitu kama hivyo, njia imekuwa kovu tupu na haipitishi choo. Hao ndio wanaoharibika, na nadhani binamu wengi wa pale steji walipitia chumba cha namna ile kabla ya kufika hospitali.

Kilichoniamulia ni kipimo cha wingi wa damu, himoglobini. Kilitoka 8 na kitu, na mwanaume anatakiwa awe na 13 au zaidi. Nilikuwa nikisimama naona giza, na mtu anayebeba roho za watu hawezi kuona giza. Kabla ya kisu daktari alitaka kwanza kamera ipite kwenye utumbo, kwa sababu damu ya chooni inaweza pia kuwa ya saratani, na umri wangu si wa kubahatisha. Kamera ikakuta utumbo safi. Usikubali mtu akupasue bawasiri bila kuchunguzwa hivyo kama umri umeenda na unatoka damu. Vidonge vya kuongeza damu nilipewa pia. Ujue tu kwamba hugeuza choo kuwa cheusi na hukifanya kigumu, kwa hiyo usivinywe bila maji mengi.

Pesa. Hospitali moja ya kibinafsi ilinitajia laki na nusu na ushee. Nilikuwa nimeshalipia SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, hii iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024; sisi tusio na mshahara wanatukadiria kipato na tunalipa mwaka mzima, na ulipaji huo uliniumiza lakini siku ile ulinifaa. Nikaenda hospitali ya umma, nikasubiri foleni yangu, na mfukoni nikatoa kiasi ambacho chama chetu cha steji kilikimaliza kwa mchango wa jioni moja, pamoja na wale wenye mabinamu.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusimulia. Sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, nikasikia redio na vyuma, nikarudishwa wodini. Walinifanyia ule wa zamani, wa kukata na kuacha vidonda wazi, uliotoka hospitali ya St Mark's kule London mwaka 1937. Nilishtuka kusikia vidonda havishonwi, daktari akanieleza kwamba vikiwa wazi vinatoa uchafu na kupona kutoka ndani kuja nje, na kwamba kati ya kidonda na kidonda huacha kipande cha ngozi nzima ili njia isije ikabana. Usiku mkojo uligoma kutoka. Sindano ile ya mgongo hufanya hivyo kwa watu wengi, wanaume hasa. Mwambie sista mapema, usingoje kibofu kipasuke. Waliniwekea mpira wa mkojo, asubuhi ukatolewa, yakaisha.

Kurudi nyumbani nilikupanga mwenyewe. Skwodi wangu, yaani dereva anayenipokea zamu, alileta gari, akanitandikia blanketi kiti cha nyuma kabisa. Nikakataa. Abiria hudhani nyuma ni raha kwa kuwa ni mbali na injini, lakini nyuma ya ekseli ndiko mtu anakorushwa kila tuta. Nikalala ubavu safu ya katikati, kati ya tairi za mbele na za nyuma, na nikamwambia ashushe upepo wa tairi kidogo. Kutoka hospitali hadi kwangu Umoja sikupiga kelele hata mara moja.

Sasa kiti cha chooni. Ploti yetu ina choo cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa ni kuzuri kwa mtu mzima kwa sababu magoti yakiwa juu njia ya haja inanyooka. Lakini mtu aliyetoka kupasuliwa miguu inatetemeka, na ukiyumba ukajikaza ghafla utaona nyota. Watu waliniambia nichukue boya la kukalia, lile la duara lenye tundu. Daktari alilikataa: linaacha sehemu ile inaning'inia bila kuegemezwa, damu inajaa na kidonda kinavimba. Wiki moja kabla ya kulazwa nikanunua kiti cha plastiki cha kawaida, hivi vya sherehe, nikampelekea fundi jirani. Akapasha kisu moto akakata tundu katikati. Kisha nikamwambia akate miguu iwe mifupi kama kigoda, ili nikikaa magoti yabaki juu ya nyonga kama mtu aliyechuchumaa. Alikata kwa macho, bila kupima, kiti kikacheza kama gari lenye springi iliyovunjika. Tulikaa jioni nzima tukikata kidogo huku, kidogo kule, na kila tulipokata mguu mmoja mwingine ukawa mrefu. Mwisho tukaacha kukata: nikaenda kwa mshona viatu, nikanunua vipande vya tairi kuukuu, tukauvisha kila mguu kiatu cha raba cha unene wake. Kikatulia tuli, na juu ya sakafu iliyolowa hakitelezi. Kando za tundu tukazizungushia tyubu ya baiskeli. Mama watoto alipokiona alisema wajawazito wa ploti watakiazima, na kweli kimeshaazimwa.

Choo cha kwanza baada ya kisu ndicho watu wanachokiogopa, na ndipo ushauri mbaya unapozidi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliambiwa na ndugu zake asile, ili asiende. Alikaa na uji mwepesi tu, na kilichokuja hatimaye kilikuwa jiwe. Sote wodini tulimsikia, na nilimhurumia sana kijana yule. Tumbo halingoji ruhusa yako. Mimi nilianza laktulosi, dawa ya kulainisha choo, kabla ya kulazwa, kwa sababu dawa hiyo huchukua siku moja au mbili kufanya kazi. Nilikuwa nakula papai, sukuma wiki, uji wa wimbi, na ule unga wa maganda ya ispaghula, kijiko kwenye maji, na maji mengine gilasi nzima juu yake. Usipoyanywa hayo maji unga huo utakuzibia. Maumivu nilikunywa parasetamoli na dikilofenaki kwa saa, kabla hayajaamka. Ile dawa kali, ya jamii ya morfini, niliitumia usiku wa mwanzo tu, maana kodeini, tramadoli na ndugu zao hufunga choo.

Siku ilipofika nilimeza vidonge, nikangoja kama nusu saa vikolee. Mama watoto akachemsha maji, akayachanganya kwenye beseni hadi mkono ukayavumilia. Maji tulikuwa tumeyaweka akiba, mitungi imejaa hadi chini ya kitanda, kwa sababu mtaani kwetu ni ya mgao na aliyepasuliwa huoga kila mara. Nikakaa kwenye kiti changu, nikapumua kwa mdomo wazi polepole. Ukiziba pumzi unasukuma, ukipumua mdomo wazi ni vigumu kusukuma. Iliuma. Sitakudanganya, iliuma na machozi yalinitoka, kukawa na damu kiasi. Lakini ilikuwa laini, na ikaisha upesi. Hapo hapo nikaingia kwenye beseni, na yale maumivu ya kubana yanayofuata, ambayo ni msuli unajikaza wenyewe, yakalegea ndani ya dakika chache. Hakuna chumvi, hakuna dettol, maji ya vuguvugu matupu, dakika 10 hadi 15, kisha kukaushwa kwa kugusagusa na kitambaa laini. Karatasi ya chooni sikuigusa tena.

Baada ya hapo ni kazi ya subira. Majimaji hutoka, na mwanaume asione haya kuvaa pedi. Nilivaa za mama watoto. Kati ya siku ya 7 na ya 10 damu inaweza kurudi ghafla kidonda kinapoachia, matone ni kawaida, ikitoka mabonge au isipokoma kimbia hospitali hata kama ni usiku. Homa nayo, vivyo hivyo. Kidonda chote huchukua wiki 4 hadi 6 kufunga, na anayekuahidi wiki moja anataka kukuuzia kitu.

Zile habari za mabinamu: choo nakizuia vizuri, na upande ule mwingine muulizeni mama watoto. Damu imepanda hadi 13.

Kazini nimerudi na masharti, na mwenye gari ameyakubali. Mjini nalipia choo, Umoja kuna kijana wa petroli stesheni ananifungulia cha wafanyakazi, kwa hiyo chupa ya maji iko kando ya gia kutwa nzima na naimaliza. Skwodi anachukua tripu za saa sita mchana nipate kunyoosha mgongo. Na konda wangu, baada ya kunitazama muda wote huu, juzi aliniita pembeni akaniambia naye anaona damu. Nimemwandikia kwenye karatasi maswali ya kumuuliza daktari: ni daraja la ngapi, mpira unaweza kutosha, kamera itapigwa lini. Kliniki ni Jumanne, tripu ya asubuhi nimeshaiachia, nampeleka mwenyewe.