Nilivyopata leseni ya tiba ya ndoa na familia California

Leseni ninayo. Wale walioniambia "dada, pumzika kwanza, nenda Mombasa ukamwamkie mama, maombi ya usajili yatangoja" walitaka kunichelewesha tu. Hapa California, shahada ya uzamili ikishatoka una siku 90 za kuomba usajili wa mtarajali, yaani mhitimu anayefanya kazi chini ya msimamizi kabla ya kupata leseni. Ukiwahi, saa unazofanya huku ukisubiri namba ya usajili zinahesabiwa, mradi ulichukuliwa alama za vidole kabla ya kuanza kazi hapo. Ukichelewa, saa hazihesabiwi mpaka namba itoke. Mimi nilituma kabla picha za mahafali hazijawafikia mashangazi.

Saa zinazotakiwa ni 3,000, chini ya msimamizi kwa wiki zisizopungua 104. Nyingi zinajijia zenyewe. Ngoma nzito ni zile 500 za wanandoa, familia na watoto. Wenzangu wote: tafuta wanandoa! Haya, nikawatafuta. Wakigombana hawaji kwa sababu wamenuniana, wakipatana hawaji kwa sababu wamepatana. Bwana mmoja aliingia peke yake, akasema mama watoto yuko kwenye gari, hashuki. Basi tukakaa, yeye anaongea, mimi naona dirishani taa za gari zikiwaka na kuzimika, honi mara moja moja. Saa ile niliiandika kwenye safu ya mtu mmoja mmoja.

Nikaisoma sheria upya, polepole. Si imeandika "na watoto"? Nikaomba kuhamishiwa shule ambako shirika letu lilikuwa na mkataba. Mtoto haghairi miadi. Ukimtoa kwenye kipindi cha hesabu anakuja mbio. Halafu wakaniletea mama Mkongo asiye na mkalimani, akaja na wanawe wote na bibi yao. Hiyo ni familia kamili, na Kiswahili changu kikalipa.

Fomu ya saa msimamizi aitie sahihi kila wiki, hata kama anakuambia "tutamalizia mwishoni". Wasimamizi huhama. Na saa zilizopita miaka sita zinafutika. Mtihani wa sheria na maadili ufanye mwaka wa kwanza, la sivyo hawakuhuishii usajili. Ule wa kliniki unakuja saa zikishatimia.

Ada za bodi inayotoa leseni zalipika. Kinachouma ni mshahara wa mtarajali, na kuna waajiri wanaotaka ujilipie msimamizi mwenyewe. Hao niliwaaga mlangoni.