Nyumba ya zamani katikati ya Lubumbashi: kabla ya kulipa garanti, nilitafuta ni ya nani

Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba nahama pembeni ya mji naingia mjini kabisa, waliniuliza mambo mawili: pesa nitatoa wapi, na maji nitaoga wapi. Yote mawili yalikuwa na jibu. Jambo lililoninyima usingizi hakuna aliyeliuliza, nalo ni hili: jengo lenyewe ni la nani?

Sababu ya kuhama ni ya kawaida. Kazi yangu iko karibu na Posta, watoto wanasoma upande wa katedrali, na kila asubuhi tulikuwa tunagombea nafasi ndani ya taksi-bisi. Mvua ikinyesha, barabara ya kwetu haipitiki. Nikaweka pamoja nauli ya watu watatu kwenda na kurudi, na chakula cha mchana cha kununua, nikaona kwamba tofauti ya kodi kati ya kule na mjini nilikuwa naimaliza njiani.

Mwenye kuujua mji huu anayajua majengo ninayoyasema. Chini maduka, mbele yake barza ndefu yenye nguzo ambako unatembea kivulini hata saa saba ya mchana, juu apartema zenye dari ya kwenda mbali na sakafu ya granito. Mengine ni ya miaka ya 1920, mengi ni ya miaka ya 1950, wakati shaba ilikuwa inalipa na mji ukiitwa Elisabethville. Wengi wa wazee wetu hawakulala humo. Waliingia kwa kazi, jioni wakavuka eneo tupu lililoachwa makusudi kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, wakarudi Kamalondo, ambayo siku hizo iliitwa Albert. Waliolala ghorofani walikuwa Wabelgiji, Wagiriki, Waitalia, na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes.

Sasa fuateni vizuri, maana hapa ndipo matatizo ya mpangaji wa leo yanapozaliwa. Mwaka 1960, mwaka wa uhuru, na fujo za baada yake, wengine waliondoka wakaacha funguo. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zairianizasio: biashara na mali za wageni wakapewa Wazaire. Miaka michache baadaye wengine wakaruhusiwa kurudishiwa, lakini si wote waliorudi, na si wote waliopewa walikubali kuachia. Ongeza watoto na wajukuu wa wale waliopewa. Jengo moja linaweza kuwa na karatasi za zama tatu, na kila karatasi ina mtu anayekuja kudai kodi. Ndiyo maana ukitembea mjini unakuta maneno ya rangi nyekundu ukutani: «Hii nyumba haiuzishwe.» Mgeni hupita tu. Mimi nikiyaona najua familia imegawanyika, na komisioneri, dalali wa nyumba, akinipeleka kwenye jengo la namna hiyo, siingii hata kuangalia jiko.

Tuseme kidogo juu ya makomisioneri. Ni watu wa lazima. Bila wao utazunguka mji mpaka viatu viishe. Wanaomba pesa ndogo ya kukutembeza kabla hujaona mlango, na ukipata nyumba wanakula kodi ya mwezi mmoja mzima. Sina ugomvi nao. Ila komisioneri analipwa siku mkataba unapofungwa, na siku kesi inapozuka yeye hayupo. Ukimwuliza mwenye nyumba ni nani, atakujibu jina la mtu aliyempa funguo.

Apartema ya kwanza iliyonigusa moyo ilikuwa ghorofa ya pili, yenye balkoni inayotazama mijakaranda, na ukijinyoosha kidogo unaona bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba ya Serikali, na mlima wake mweusi wa taka za shaba. Vyumba viwili, saluni kubwa, dola 400 kwa mwezi. Papa, yaani baba mtu mzima, aliyejitambulisha kuwa mwenye nyumba alikuja amevaa kositimu, mpole, akasema garanti, pesa ya dhamana, ni kodi ya miezi sita, mkononi, tena leo hii kwa sababu jioni kuna mwingine anakuja. Yaani dola 2,400, na 400 za komisioneri juu yake. Nikaomba kuona karatasi. Akatoa ndani ya plastiki fotokopi ya prokirasio, karatasi ya kumpa mtu mamlaka, muhuri wake umekatwa nusu na mashine ya kopi. Jina la aliyempa mamlaka halikusomeka. Nikasema nitarudi.

Nikarudi kweli, lakini jioni, peke yangu. Chini ya ngazi sentineli, mlinzi mzee wa nywele nyeupe, alikuwa anachoma mahindi juu ya mbabula, jiko la makaa. Nikamsalimia, nikanunua hindi moja, tukaanza kuzungumza juu ya delestage, kukatwa kwa umeme, kama ilivyo desturi ya mji. Mwisho nikamweleza kilichonileta.

«Mama, unaenda kulipa nani?»

«Ule papa wa kositimu.»

Akacheka mpaka akaweka hindi chini. «Nyumba ya kwanza banalipaka kwa dada yake. Ya pili banalipaka kwa avoka. Weye utalipa kwake. Siku ya tribinali, bote mutatoka, na viti byenu bitakuwa ku barza.»

Hindi lile lilinigharimu kidogo kuliko ada ya mwanasheria yeyote. Tangu hapo nikawa na njia yangu: kila jengo nililopelekwa mchana, nililirudia jioni bila komisioneri, nikagonga mlango wa jirani mmoja au wawili, nikauliza wanalipa kwa nani na kama wanapewa risiti. Watu hawakasiriki. Mpangaji wa Lubumbashi anapenda kusema habari za mwenye nyumba kuliko habari za mpira.

Niliyoipata mwisho haikuwa nzuri kama ile. Ghorofa ya kwanza, inaangalia ua, jiko lina giza. Lakini majirani wote walitaja mtu mmoja: mama mjane anayekaa kwenye nyumba ndogo ya nyuma, ile ambayo zamani ilikuwa boyeri, nyumba ya watumishi. Nilikwenda na yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, awe shahidi. Yeye akapewa kiti cha mikono, mimi stuli. Swali la kwanza la mama lilinifikia mimi hata hivyo:

«Bwana yako eko wapi?»

«Mama, kodi nitalipa miye.»

Akanitazama, akamtazama yaya, yaya akatazama dari. Wenye nyumba wengi hawapendi kumpangisha mwanamke asiye na mume. Wengine walinifungia mlango kwa swali hilohilo. Huyu alikuwa anataka tu kujua nani wa kugombana naye tarehe tano ya mwezi. Alipojua ni mimi, tukaendelea.

Karatasi yake ilikuwa karatasi kweli: setifika ya anrejistreman, hati ya kiwanja, yenye volimu, folio na namba ya parseli, yaani ya kiwanja chenyewe. Hiyo ndiyo inayohesabika. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 udongo wote ni wa Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na setifika hiyo. Fishi ya kiwanja, barua ya mtaa, risiti ya kununua, vyote vinasaidia lakini havitoshi. Nikaandika namba zile nyuma ya daftari la mtoto, nikaomba ruhusa kwa mama kwenda kuzihakikisha kwa konservateri, mtunza rejista ya viwanja. Hakuchukia. Mwenye nyumba akichukia ombi hilo, aga uende zako. Konservasio niliandika barua, nikalipa, nikasubiri, nikarudi, nikasubiri tena. Jibu likaja: parseli ipo, haina kesi iliyoandikwa juu yake, lakini jina ni la marehemu mumewe.

Yaya akasema tuache. Mimi nikakataa kuacha haraka hivyo, kwa sababu ukikimbia kila nyumba yenye jina la marehemu, katikati ya mji huu hutapanga popote. Kitu cha kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kusimamia urithi. Nikamrudia mama, akanitolea kutoka sandukuni faili jingine: kikao cha familia kilichosainiwa na watoto wote, pamoja na hukumu ya tribinali ya amani iliyomkubali yeye kuwa likidateri, yaani msimamizi, wa urithi. Basi mkataba wetu hatukuuandika kwa jina lake kama mwenyewe. Tuliandika warithi wa fulani, wakiwakilishwa na mama fulani, likidateri, na kopi ya hukumu ikashonwa nyuma. Mtoto wake mkubwa akasaini pia pembeni. Mstari mmoja tu, lakini siku ndugu mwingine akitokea kutoka Kolwezi au Ulaya na sauti kubwa, ninamwonyesha mstari huo.

Garanti tulibishana mpaka chai ikapoa. Naye alitaka miezi sita, kwa kodi ya dola 350. Nikamwambia sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema nyumba ya kukaa garanti isizidi miezi mitatu.

«Ile loi ni ya Kinshasa,» akasema.

«Mama, na Kinshasa ni ya kwetu.»

Akacheka, lakini miezi sita haikushuka kwa kicheko. Kilichoishusha ni mabomba. Mabomba ya chuma ya majengo yale yamekula kutu kwa ndani, unaona kwa nje yako mazima, kumbe tundu limebaki jembamba la kupitisha uzi. Mama alihitaji pesa ya garanti kwa sababu alitaka kuyabadilisha. Tukakubaliana: garanti miezi mitatu, dola 1,050, fundi wa maji namlipa mimi, fakturi yake inashonwa kwenye mkataba, na pesa hiyo inahesabiwa kama kodi ya miezi ya kwanza. Yeye akapata bomba jipya bila kushika pesa, mimi nikajua pesa yangu imeingia ukutani na si kwenye harusi ya mtu.

Nyumba yenyewe niliikagua usiku. Hilo nawaomba sana wanaotafuta. Mchana kila apartema ya zamani ni nzuri, jua linaingia, granito inang'aa. Nenda saa tatu au saa nne ya usiku, wakati mjini maji yanapata nguvu ya kupanda ghorofani. Nilifungua robine ya jikoni: ikakohoa, ikatema hewa, ikatoa maji ya rangi ya chai, kisha yakasafika polepole. Shinikizo lilitosha jikoni, halikutosha bafuni. Kwenye kisanduku cha umeme nilikuta fuzi za kauri, mbili kati yake zimefungwa waya wa shaba mtupu badala ya fuzi. Waya huo haukatiki hata nyumba ikiungua. Na kompteri, mita ya SNEL, kampuni ya umeme, ilikuwa moja kwa milango mitatu, fakturi inagawanywa sawa, ilhali jirani mmoja anatengeneza aiskrimu ya kuuza. Nikaomba kompteri yangu ya kulipia kabla. Mama alikataa kuigharamia, nikaigharamia, tukaandika kwamba nikiondoka naiacha na ananirudishia nusu.

Yote hayo yaliingia kwenye karatasi ya hali ya nyumba: kila doa la dari, kila kioo kilichopasuka, dirisha la chuma la chumba cha watoto lisilofungika. Tulikuwa bado kiangazi, dari kavu, na dari kavu hudanganya. Juu ya jiko kulikuwa na duara la rangi ya hudhurungi lililopakwa chokaa nyembamba juu yake. Nikalipiga picha, nikaliandika: «alama ya maji, juu ya jiko.» Mama akauliza kwa nini naandika hata uchafu. Kisha tukapeleka mkataba kwenye huduma ya abita, ofisi ya mambo ya nyumba ya komini, ukapigwa muhuri, kopi tatu. Notisi ni miezi mitatu kwa upande wowote, kama sheria inavyotaka.

Komisioneri alipewa haki yake, dola 350, ingawa jioni zote zile nilizunguka mwenyewe. Mlango aliufungua yeye.

Kuishi mjini kuna raha yake na kero yake. Watoto wanakwenda shule kwa miguu, mchana wanarudi kula bukari, ugali wetu, ya moto. Umeme ukikatika, majenereta ya maduka yanaanza yote kwa pamoja chini ya dirisha, na moshi unapanda. Makala (makaa) siwezi kuwasha ndani, kwa hiyo mbabula inakaa kwenye kona ya ua ambayo mama amenikatia, kona ambayo jirani wa aiskrimu anaona ni yake. Madumu ya maji bado yamepangwa bafuni, maana robine nzuri haisaidii siku ambayo Regideso, kampuni ya maji, haina umeme wa kusukuma.

Mvua ya kwanza kubwa ya Novemba ilishuka usiku. Asubuhi duara la juu ya jiko lilikuwa linadondosha ndani ya sufuria. Nikashuka na karatasi mkononi, mama akavaa miwani, akasoma mstari ule wa alama ya maji, akanyamaza kidogo, akamtuma mjukuu amwite fundi wa paa. Kwa kazi hiyo sikuchangia hata msumari. Sasa tunabishana juu ya nani alipe taa ya ngazi, na hilo hatukuliandika popote.