Sororiti na hisani yake: kalenda ya mwaka, pankeki 1,200 na njia ya pesa

Kila Agosti mitandao hujaa video za wasichana wa vyuo vya Marekani wakicheza mbele ya majumba yenye nguzo nyeupe na herufi za Kigiriki. Hizo ni siku chache tu. Mwaka uliobaki, tawi la sororiti, yaani chama cha wanafunzi wa kike wa chuo, huendeshwa kama chama chochote cha ada: kikao kila wiki, mara nyingi Jumapili au Jumatatu jioni, mhazini anayedai, wanachama wenye visingizio, na mratibu wa hisani anayehangaika kutafuta ukumbi. Huyu wa mwisho ndiye nitakayemwandikia zaidi. Kazi yake husifiwa na kila mtu, lakini ni wachache wanaomfundisha jinsi ya kuifanya.

Tuanze na jambo linalowachanganya wageni: sororiti si za aina moja. Zipo zilizo chini ya National Panhellenic Conference, muungano ulioundwa mwaka 1902. Na zipo sororiti nne za Wamarekani Weusi ndani ya National Pan-Hellenic Council, baraza lililoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1930: Alpha Kappa Alpha (1908), Delta Sigma Theta (1913) na Zeta Phi Beta (1920), zote tatu zilizozaliwa Howard, pamoja na Sigma Gamma Rho (1922) iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Butler, Indianapolis. Majina ya mabaraza hayo mawili yanakaribiana mno, na wengi huyachanganya.

Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye hisani. Katika zile nne, mahafali hayamtoi mtu chamani. Anahamia tawi la wahitimu na kuendelea na kazi miaka mingi. Kwa hiyo utakuta programu za kudumu zaidi kuliko tamasha la siku moja. Zeta Phi Beta wana Stork's Nest, mpango wa kuwasaidia wajawazito ambao wanauendesha pamoja na March of Dimes, shirika la afya ya mama na mtoto, tangu 1972. Sigma Gamma Rho wana Swim 1922, kazi ya kufundisha na kuhamasisha kuogelea wanayoifanya pamoja na USA Swimming, shirikisho la kuogelea la Marekani. Delta Sigma Theta hawakungoja hata miezi miwili: walianzishwa Januari 1913, na Machi mwaka huohuo walikuwa barabarani Washington katika maandamano ya kudai haki ya wanawake kupiga kura.

Upande wa National Panhellenic Conference (Panhellenic kwa kifupi), makao makuu ya taifa ya kila sororiti huchagua jambo la kuchangiwa na matawi yote hulifuata. Delta Delta Delta huichangia hospitali ya watoto ya St. Jude iliyoko Memphis. Chi Omega, Make-A-Wish, wanaotimiza matakwa ya watoto wagonjwa sana. Alpha Delta Pi, Ronald McDonald House, nyumba za kukaa familia za watoto wanaotibiwa. Delta Gamma, huduma kwa wasioona. Zeta Tau Alpha, elimu ya saratani ya matiti. Alpha Phi, afya ya moyo ya wanawake. Kappa Delta wana mgawanyo ambao ningependa wengine wauige: katika mchango wao wa kila mwaka wa Shamrock, asilimia 80 hubaki kwa shirika la mahali palepale linalozuia ukatili dhidi ya watoto, na 20 huenda shirika la taifa la Prevent Child Abuse America. Mtoaji anajua dola yake inaishia mtaa upi.

Kwa kazi za ofisini, mwaka wa tawi hauanzi Agosti. Katika matawi mengi viongozi huchaguliwa Novemba na kukabidhiwa kazi karibu na likizo ya Desemba. Maana yake mratibu mpya hukutana na tukio lake la kwanza muhula wa Januari hadi Mei, akiwa hajui ufunguo wa stoo uko wapi. Ndiyo maana ni heri tukio kubwa liwekwe Septemba au Oktoba, na la muhula wa kwanza wa uongozi liwe dogo. Faida ya pili ni watu: vyuo vingi huandikisha wanachama kabla ya masomo kuanza au wiki za mwanzo, kwa hiyo Septemba tawi lina mikono mipya ya kuuza tiketi.

Uandikishaji wenyewe nitaupita haraka. Wageni, yaani wasichana wanaotaka kujiunga, huzungushwa nyumba zote za sororiti, kisha kila raundi orodha inafupishwa na pande zote mbili, hadi raundi ya mwisho ambapo msichana hutia saini mkataba wa kukubali. Wengi hawausomi. Ukishausaini, ukapata mwaliko na kuukataa, unafungwa usijiunge na sororiti nyingine ya Panhellenic ya chuo hicho hadi uandikishaji mkuu wa mwaka unaofuata. Moja ya raundi huwa ya hisani, na hapo matawi mengi hupoteza nafasi kwa kutaja jumla ya dola peke yake. Mgeni hajui dola elfu kumi ni nyingi au kidogo. Mwambie zilifanya nini.

Hapohapo kuna mtego wa sheria. Wapya wasigeuzwe vibarua wa tukio. Kuwapangia wao peke yao kuosha masufuria usiku kucha, au kuwatisha kwamba wasipouza tiketi hawataingizwa, ni uonevu wa wanagenzi hata kama fedha zinaenda kwa wagonjwa. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Desemba 2024, Stop Campus Hazing Act, inavitaka vyuo kuchapisha takwimu za uonevu huo na ripoti inayotaja vikundi vilivyopatikana na hatia. Panga zamu kwa kuchanganya: kila kituo kiwe na mwanachama wa mwaka wa nne na mpya, wote na saa zilezile.

Sasa tarehe. Baraza la Panhellenic la chuo huwa na kalenda ya pamoja ya hisani. Aliyewahi ndiye anayepata. Epuka wiki ya mitihani ya kati, wiki ya Homecoming (sherehe ya wahitimu kurudi chuoni), na Jumamosi yoyote ya mechi ya futiboli ya Kimarekani, ya nyumbani au ugenini, kwa sababu hakuna atakayeiacha. Pankeki za usiku wa Alhamisi, saa 3 hadi saa 6, hujaza ukumbi kuliko chakula cha mchana cha Jumapili.

Tuchukue hizo pankeki, maana ndilo tukio linaloonekana rahisi na huharibika kwa sababu zilezile kila mwaka. Wateja 400, pankeki tatu kila mmoja, ni pankeki 1,200 za upana wa inchi nne. Unga uliochanganywa tayari, ule unaohitaji maji tu, hutumika kama gramu 22 hadi 25 kwa pankeki, yaani kilo 28 hivi. Ukinunua mifuko ya pauni kumi, saba inatosha na wa nane ni akiba. Shira, weka vijiko vitatu vikubwa kwa mtu: lita 18. Imimine wewe, au toa vikombe vidogo. Chupa zikiachwa mezani, itaisha kabla ya saa moja kupita.

Tatizo kubwa ni umeme. Kikaango bapa cha umeme hubeba pankeki nane, na kila mzunguko, pamoja na kumimina na kugeuza, huchukua dakika tano. Hiyo ni 96 kwa saa. Vikaango vinane vitakupa zaidi ya 1,500 kwa saa mbili, hesabu nzuri kabisa kwenye karatasi. Lakini kila kimoja hula wati 1,500, ambazo kwa volti 120 za Marekani ni ampea 12.5, na saketi ya kawaida ya ukuta ni ya ampea 15 au 20. Kwa hiyo saketi moja, kikaango kimoja. Ukumbi unaweza kuwa na soketi kumi na mbili zilizofungwa kwenye saketi mbili tu, na hapo ukiwasha cha tatu giza linaingia na foleni inaanza kupiga makofi ya kejeli. Waya wa kurefusha hausaidii kitu kama unaishia kwenye saketi ileile. Mtafute fundi wa jengo wiki mbili kabla, akuonyeshe paneli, ubandike namba ya saketi kwenye kila soketi.

Njia bora ni majiko mawili ya gesi ya propeni yenye bamba la upana wa inchi 36. Kila moja hubeba pankeki kama 35 kwa mara moja, sawa na 400 kwa saa. Yakae nje, mbali na mlango, na kizima moto kikiwa mkononi mwa mtu aliyeonyeshwa kukitumia. Ofisi ya zimamoto ya chuo itataka kujua, waambie mapema.

Rojo nalo lina tabia yake. Baking poda huanza kazi inapogusana na maji, kwa hiyo ndoo iliyokorogwa saa 1 usiku hutoa pankeki bapa kama soli ifikapo saa 4. Koroga kidogokidogo, kinachotosha dakika 20 au 30, na acha madonge madogo. Ukikoroga hadi liwe laini kabisa, pankeki zinakuwa ngumu. Bamba la kwanza huwa la majaribio, wale wapishi. Ngano, mayai na maziwa yaandikwe kwa herufi kubwa pale kwenye foleni, na pankeki zisizo na ngano zipikwe kwenye kikaango chake peke yake, na mwiko wake.

Kibali cha chakula cha muda hutolewa na idara ya afya ya kaunti, na muda wa kuomba hutofautiana, kwa hiyo piga simu mara tu tarehe inapopatikana. Mwenye ukumbi naye anaweza kudai cheti cha bima, ambacho hutoka makao makuu ya sororiti. Usikiombe wiki ya tukio.

Tukija kwenye pesa, hapa ndipo watu wema huingia matatani. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, tawi la sororiti kwa kawaida ni klabu ya kijamii ya kifungu cha 501(c)(7). Halilipi kodi kwenye ada za wanachama, lakini anayelichangia hapati nafuu ya kodi. Nafuu hiyo ni kwa michango inayoenda kwa shirika la hisani la 501(c)(3), kama vile wakfu wa taifa wa sororiti au hospitali yenyewe. Basi kiungo cha kuchangia kimpeleke mtu moja kwa moja kwenye wakfu, na hundi ziandikwe jina la wakfu. Usiandike kwenye bango kwamba mchango "unapunguza kodi" halafu pesa ziingie akaunti ya tawi.

Tiketi nayo si mchango mtupu. Aliyelipa dola 10 akala chakula cha thamani ya dola 7 amechangia 3. Malipo yakizidi dola 75 na mtoaji akapewa kitu, shirika la hisani linalopokea lazima limweleze kwa maandishi thamani ya alichopewa. Na mchango wa dola 250 au zaidi hauhesabiwi kwenye kodi yake bila barua ya kuupokea. Bahati nasibu ni jambo la kuogopa zaidi: sheria hubadilika kila jimbo, kwingine inataka leseni, na tiketi yake haipunguzi kodi ya mtu popote.

Fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili, palepale, wasaini karatasi moja, na ziende benki siku inayofuata ya kazi. Akaunti ya simu ya mtu binafsi isitumike hata kama "ni kwa usiku mmoja tu". Na amueni mapema nani analipa unga. Bango likisema asilimia 100 ya mapato yanakwenda kwa watoto, gharama lazima zitoke kwenye bajeti ya tawi. Mkizikata kwenye mauzo, mmeudanganya umma, hata kama ni dola 300.

Usiku wa mgahawa, ule ambao mgahawa hutoa sehemu ya mauzo, huonekana wa bure, nao karibu ni wa bure: wateja 60, dola 12 kila mmoja, asilimia 15, mnapata dola 108. Na wale waliosahau kuonyesha tangazo kwa mhudumu hawahesabiwi. Ni mzuri kwa kuwakutanisha wanachama, dhaifu kwa kuchangisha. Upande wa pili wa mizani kuna THON, dansi ndefu ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Penn State, inayoendeshwa tangu 1973, na tangu 1977 ikichangia familia za watoto wenye saratani kupitia shirika la hisani la Four Diamonds: wachezaji husimama saa 46 bila kukaa wala kulala. Lakini siri yake ni miezi ya kuchangisha kabla ya muziki kuanza.

Saa za kujitolea ziandikwe tofauti na dola, kwa sababu baraza na makao makuu huuliza vyote viwili. Kumsomea mtoto kila Jumanne ni huduma. Kuuza pankeki ni uchangishaji. Ripoti za tuzo hudaiwa majira ya kuchipua, na aliyesubiri hadi Aprili kukusanya saa za Septemba ataishia kubuni. Fomu fupi kwenye simu, ijazwe usiku uleule, inatosha.

Mwaka ukifungwa, mhazini apeleke taarifa kwa mamlaka ya kodi. Tawi ambalo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 hutumia kadi ya kielektroniki ya 990-N, ifikapo tarehe 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Ni dakika chache za kazi. Ikikosekana miaka mitatu mfululizo, hadhi ya kutolipa kodi inafutwa yenyewe, na kwa kuwa viongozi hubadilika kila mwaka, watatu wanaweza kupita kila mmoja akidhani mwenzake alishaipeleka. Kwa hiyo kwenye faili la makabidhiano ya Desemba, juu kabisa, kabla ya nywila na namba za simu, weka nakala ya uthibitisho wa mwisho yenye tarehe yake. Chini yake weka ile ramani ya saketi za ukumbi.