Force, siyo Auto: mzee wa A8-7600 kakubali 1 GB

Imekubali! Saa tano na nusu usiku GPU-Z, programu inayosoma taarifa za grafiksi, imeandika kumbukumbu 1024 MB, yaani 1 GB, nami nimeipiga picha kwa simu kama vile itafutika.

Mashine ni kompyuta yangu ya zamani: prosesa ya AMD A8-7600 yenye grafiksi ndani yake, ubao mama wa A88X, RAM 8 GB za DDR3-1600, vipande viwili vya 4. Gemu la mpira la mpwa wangu linadai 1 GB ya kumbukumbu ya grafiksi, mashine inatoa 512 MB. Gemu linafunguka, linapakia, linajifunga.

Siku tatu naingia na kutoka BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kila mtu anasema tafuta UMA Frame Buffer Size, mstari wa kuchagua RAM kiasi gani itengewe grafiksi. Kwangu haipo! Nimepekua hadi ukurasa wa feni. Nikaazima UPS (betri ya akiba, umeme ukikatika) nikasasisha BIOS roho mkononi. Haipo. Jumamosi nikafuata video inayosema uandike DedicatedSegmentSize kwenye rejista ya Windows. Nusu saa imepotea bure. Kwanza ule ufunguo ni wa Intel, mimi niko AMD. Pili, hata huko Intel unabadilisha tarakimu inayosomwa na gemu tu, kumbukumbu yenyewe iko palepale. Ni kuandika "lita 20" ubavuni mwa ndoo ya lita 10.

Kumbe humo BIOS, Integrated Graphics, yaani grafiksi ya ndani ya prosesa, ilikuwa Auto. Nilipoiweka Force, chini yake ikachomoza mistari mipya, na UMA ikiwa imejibanza humo. Ukiacha Auto haionekani kabisa, hata kwa rangi ya kijivu. Aliyepanga hivi sijui alikuwa anamficha nani. Nikachagua 1G, nikabonyeza F10 kuhifadhi. Nilionja na 2G pia, ila kivinjari kikaanza kukohoa, nikarudi.

Gemu likafunguka. Fremu 19 kwa sekunde. Wachezaji wanakimbia kama wamo kwenye matope.

Leo nilipanga kubadili pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto. Sikuigusa, maana nilichungulia CPU-Z, programu inayosoma prosesa na RAM, upande wa Memory nikakuta Single. (Hizi mbili, CPU-Z na GPU-Z, zinanitosha, zile programu za "kuongeza kasi" sizitaki hata bure.) RAM zote mbili zilikuwa chaneli moja, yaani zinapita njia moja ya data, kama zilivyotoka dukani! Grafiksi hii haina kumbukumbu yake, inachota kwenye RAM: chaneli moja ya DDR3-1600 ni GB 12.8 kwa sekunde, mbili ni 25.6. Nikahamisha kipande kimoja kwenda nafasi ya chaneli ya pili. Skrini nyeusi. Nikakichomoa, nikasugua meno yake kwa raba ya penseli, nikakikandamiza hadi vishikio vya pembeni vikalia klak.

Fremu 31, mipangilio ileile, uwanja uleule.

Prosesa hii inakubali DDR3-2133, RAM ya kasi zaidi, kwa hiyo kesho naulizia Kariakoo. Pesti bado iko droo.