Jejuri ya Kolatkar: usianzie kwa bibi kizee

Wasomaji wengi humjua Arun Kolatkar, mshairi wa India, kwa shairi moja tu, lile la bibi kizee anayemng'ang'ania mgeni shati kwenye vilima vya Jejuri akitaka sarafu ya paisa hamsini. Ni shairi zuri sana. Lakini ukilisoma peke yake, nje ya diwani yake, utaondoka ukidhani Kolatkar ni mshairi wa kuhurumia maskini, na hapo utakuwa umempoteza.

Jejuri ni mji mdogo karibu na Pune, jimbo la Maharashtra, wenye hekalu la mungu Khandoba juu ya kilima. Waumini hupanda ngazi na kurusha unga wa manjano hadi mawe yenyewe yanageuka rangi. Diwani inayobeba jina la mji huo ilitoka mwaka 1976 ikiwa na mashairi 31, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Ushairi ya Jumuiya ya Madola. Mashairi hayo yamepangwa kama safari ya siku moja. La kwanza ni basi la serikali, turubai zimefungwa madirishani usiku kucha, abiria anajiona sura yake mara mbili katika miwani ya mzee aliyekaa mbele yake. La mwisho ni stesheni ya treni. Kwa hiyo soma kwa mpangilio. Ukirukaruka, huoni jinsi msafiri anavyobadilika, naye hasemi popote kwamba amebadilika.

Kosa la pili ni kumchukulia kama mtu aliyekuja kudhihaki dini. Ni kweli kejeli imo. Katika hekalu moja lenye dari ya chini, kuhani anasema sanamu ni ya mungu wa kike mwenye mikono minane. Msafiri anahesabu, anapata kumi na minane. Kuhani hatetereki: ni minane tu. Msafiri anatoka nje, anawasha sigara. Kwingine rafiki anachungulia mlango ulio wazi akidhani ni hekalu, anakuta ndama anamkodolea macho. Kumbe ni zizi. Sasa angalia anachokiacha Kolatkar. Hamcheki kuhani, wala hasemi ndama ni mungu. Anakueleza alichokiona, anaondoka. Maoni unayoyasikia kichwani mwako ni yako mwenyewe, na mshairi ameyategea yatoke.

Ukavu huo haukuja bure. Kolatkar, mzaliwa wa Kolhapur, alisomea sanaa katika chuo cha J.J. pale Bombay (sasa Mumbai), akaishi kwa kusanifu matangazo ya biashara, kazi ambayo neno la ziada hukatwa kwa sababu linakula nafasi ya picha. Aliandika kwa Kimarathi, lugha ya Maharashtra, na kwa Kiingereza maisha yake yote, na baada ya kifo chake alitunukiwa tuzo ya Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi ya India, kwa diwani ya Kimarathi. Anayemwita mshairi wa Kiingereza tu amesoma nusu.

Basi turudi kwa bibi. Shairi lina beti 11, kila ubeti mishororo mitatu mifupi. Aliyekulia kwenye mizani nane kwa nane atahangaika: hakuna urari. Kinachofanya kazi ni kiwakilishi. Kila kitu kinamtokea "wewe": wewe ndiye uliyeshikwa shati, wewe ndiye unayegeuka ili uumalize upuuzi huu. Kisha bibi anauliza swali moja tu, kwamba mwanamke mzee afanye nini kingine kwenye vilima dhalili kama hivi, na kuanzia hapo shairi linageuka. Unatazama macho yake, unaona mbingu upande wa pili. Mikunjo ya ngozi inakuwa nyufa, nyufa zinaingia vilimani, mahekaluni, angani. Mbingu inapoporomoka ndipo vina kamili vinapogongana, na bibi peke yake ndiye anayebaki mzima. Mwishoni wewe ndiye chenji mkononi mwake. Huruma iko wapi hapo? Aliyepungukiwa ni mtalii.

Tahadhari moja kwa wanaosoma kwenye simu. Karibu na mwisho kuna shairi la majogoo na kuku wanaorukaruka shambani, na maneno yametawanywa juu, chini na kwa mshazari, kila neno mahali pake pa kuruka. Skrini nyembamba huyapanga upya yakawa aya ya kawaida, na shairi likafa. Tafuta kitabu cha karatasi.

Kuhusu kitabu chenyewe: toleo la kwanza lilichapishwa na Clearing House, ushirika mdogo wa washairi ulioanzishwa Bombay na Kolatkar pamoja na Adil Jussawalla, Arvind Krishna Mehrotra na Gieve Patel, maana wachapishaji wakubwa hawakuwa na hamu ya ushairi. Toleo la New York Review Books la 2005 ni rahisi kulipata. Anayetaka kazi zake zote za Kiingereza achukue mkusanyo uliohaririwa na Mehrotra, uliotolewa na Bloodaxe mwaka 2010.

Mkusanyo huo una faida nyingine: ndani yake imo diwani ya Kala Ghoda Poems, iliyotoka 2004, mwaka aliofariki. Kwa miaka mingi alikuwa akikaa kwenye mkahawa wa Wayside Inn, mtaa wa Kala Ghoda pale Bombay, akiangalia barabara, na mashairi hayo ni ya watu wa pale chini: mfagiaji anayekanyaga takataka kwenye mkokoteni zishindiliwe, mbwa koko aliyelala katikati ya kisiwa cha barabarani asubuhi na mapema, mama anayefika na sanduku la idli, vitumbua vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, na kulisha kijiwe kizima. Kwa maoni yangu ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, ila ni ndefu na haina uzi wa safari wa kukushika mkono. Maliza Jejuri kwanza, kisha uiingie kupitia lile shairi refu la kifungua kinywa, la mama wa idli.