Pasi 14 za kusafiria ndani ya kopo la biskuti

Mimi niko kitengo cha manunuzi kwa kampuni ya hoteli hapa Nairobi. Wenye hisa wakubwa wako Uingereza na kila mwaka wanataka ripoti, maana sheria yao ya 2015 kuhusu utumwa wa kisasa inadai makampuni makubwa yaseme yamefanya nini kuzuia kazi ya kulazimishwa kwa saplaya wao. Miaka mitatu nilikuwa natuma fomu, saplaya anatiki ndiyo ndiyo ndiyo, anagonga muhuri, napeleka. Kwa dobi anayefua mashuka yetu kule Industrial Area nilikuwa nimefika mara mbili tu, mchana, meneja akiwa kando yangu.

Siku moja mashuka yakachelewa nikaenda mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri. Nikapata vijana wanatoka shifti ya usiku, tukakaa kwa kibanda na chai na mandazi, nikaskia Kiswahili chao si cha hapa, walitoka Bujumbura. Nikauliza tu mshahara huingia lini. Mmoja akasema, "Dada, wetu unaingia kwa simu ya ajenti." Watu 14, laini moja ya M-Pesa! Ajenti aliwaleta kwa basi, anakata nauli, chakula, kitanda, anaandika kwa daftari na deni halishuki hata wafanye kazi aje. Pasi zao ziko kwake kwa kopo la biskuti, ati zisipotee. Sikumaliza ile chai.

Bosi alitaka tuvunje mkataba siku hiyo hiyo. Nilikataa, na hapa naomba sana watu wa manunuzi mnisikilize, ukivunja ghafla wale vijana wanatupwa nje jioni hiyo bila pasi bila nauli, na ajenti anawapeleka kwa mwingine mahali hutawahi kuwaona. Tulitafuta wakili, nikarudi kuwauliza wenyewe wanataka nini. Wawili walitaka kwenda nyumbani, wengine walitaka kazi ila walipwe wao. Tukawatafutia pa kulala kwanza, kwa sababu vyumba walimolala kule Mukuru vilikuwa vya ajenti, ndio tukaripoti polisi na kumwekea mwenye dobi mezani sheria yetu ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu: kusafirisha watu hivyo ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Pasi zilirudi, nyingine zimelowa mafuta pembeni. Deni likafutwa.

Kilichoniuma zaidi ni bei. Kila tenda nilikuwa namfinya dobi kwa kilo na nasifiwa ofisini, na hiyo bei haingelipa mtu mshahara halali. Tumeiongeza, na mkataba sasa unasema gharama ya kuajiri analipa mwajiri, si mfanyakazi, na mshahara unaingia kwa laini ya mwenyewe.

Siku hizi naenda alfajiri bila kupiga simu. Mwezi jana yule kijana aliyenijibu pale kibandani alinionyesha meseji ya M-Pesa kabla sijauliza, akaweka kidole kwa jina lake.